Nilimwambia Shangazi Simu Haiingii Maji

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikiachiwa nafasi nitaanza na kampuni ya simu, nitahamia kwa kijana wa dukani, na kabla hujashtuka nitakuwa nimekuaminisha kwamba aliyeonewa ni mimi. Nimeshawahi kufanya hivyo, tena kwa mtu anayenipenda kuliko wote.

Jina langu sitaji. Waswahili wa Stockholm tunajuana mno. Nikitamka tu Rågsved, mtaa wetu, halafu nikamtaja shangazi mwenye simu nene kama tofali, kuna mtu ameshanifahamu. Basi wewe uliyenifahamu, naomba unyamaze mpaka nimalize.

Shangazi ni dada yake baba. Ndiye aliyenipokea nilipokuja kusoma, na chuo nimekimaliza ila chumba chake cha nyuma bado sijakihama. Kazi yake ni ya nje. Wakati wa baridi anaondoa theluji kwenye ngazi na njia za majengo. Majira ya kuchipua anafagia kokoto zile zilizomwagwa barabarani watu wasiteleze. Kiangazi yuko bustanini, magoti yote udongo.

Simu za kawaida zilikuwa zinamfia kama vifaranga. Ndipo akanunua ile ya kazi ngumu: mpira pembeni, skrubu zinaonekana mgongoni, nzito mfukoni. Muuzaji alimwambia ikianguka inaita, ikizama inaita, ikiganda inaita.

Mama Chantal, jirani yetu Mrundi, aliibatiza simu ya askari.

Sasa sikiliza jambo moja, maana kila kitu kinaishia hapo. Shangazi akirudi kutoka kazini anavua mabuti mlangoni, anakwenda moja kwa moja kwenye sinki, ananawa mikono, kisha anaiosha simu. Anaiosha kweli! Sabuni ya vyombo, sifongo, anaisuuza chini ya bomba, anaipanga kwenye kichanja katikati ya vikombe.

"Weye dada," Mama Chantal alikuwa akimwambia, "iyo simu siku moja utaitia chumvi uile!"

"Ikiiva nitakuita," Shangazi anajibu. "Njoo na sahani yako."

Ndani ya simu ile kulikuwa na Bibi.

Nieleze. Shangazi alikwenda likizo nyumbani Kigoma, kwa mama yake. Jioni walikuwa wakikaa kuchambua maharage, naye akawa anaiweka simu kwenye mkeka na kurekodi. Bibi alisahau kabisa kama kuna kitu kinamsikiliza. Akasimulia! Utoto wake, ukame, ugomvi wake na wifi juu ya chungu, wachumba aliowakataa. Kuku wanasikika, mvua inasikika, na kicheko chake kile cha kukwama kooni.

Shangazi aliporudi huku, haukupita muda mrefu Bibi akapigwa na kiharusi. Yu hai. Anasikia na anaelewa kila kitu, na mkono wake wa kulia unamtii. Lakini maneno yameondoka, na daktari hakuahidi kwamba yatarudi.

Kwa hiyo usidhani zile rekodi zilikuwa kumbukumbu ya kawaida. Ndizo zilizokuwa mdomo wa Bibi. Shangazi alizisikiliza kazini, spika za masikioni chini ya kofia ya sufu, anasukuma theluji huku anacheka peke yake. Wenzake walidhani ana mchumba.

Na mimi? Mimi nahoji. Chuoni nilifundishwa kuuliza nani anafaidika, na swali hilo nikatoka nalo darasani nikaliingiza kila mahali: kwenye bei ya maziwa, kwenye matangazo ya kanisani, kwenye utabiri wa hali ya hewa. Shangazi ananiita Wakili. Zamani alilitamka jina hilo kwa fahari.

Siku aliyonunua simu, kabla hata ya ile safari ya Kigoma, niliichukua nikaikagua mipangilio yote. Nikakuta inataka kuhifadhi nakala ya kila kitu mtandaoni.

"Hicho nini?" akaniuliza.

"Dirisha la wezi, Shangazi. Vitu vyako vinakwenda kukaa kwa watu usiowajua."

"Basi funga, mwanangu. Funga na komeo."

Nikafunga. Ndivyo sauti ya Bibi ilivyobaki mahali pamoja tu duniani. Aliyeifungia humo ni mimi.

Mwezi wa nne simu ikaacha kuchaji. Ukichomeka waya, hola. Tena pembeni ya kioo kulikuwa na ufa, tangu ilipoanguka kwenye ngazi za mawe wakati wa baridi. Shangazi aliizima upesi ili chaji iliyobaki isiishe.

"Waranti bado ipo," akasema. "Twende. Wewe utanisemea."

Hilo ndilo la kwetu. Ukija huku ukasoma, ukakijua Kiswidi vizuri, unakuwa mdomo wa wazee. Unakwenda nao hospitali, benki, shuleni kwa watoto wao. Shangazi Kiswidi cha kazini anacho, lakini akifika kaunta anarudi nyuma hatua moja na kunisukuma mbele. Hakuna anayekukagua unachotafsiri. Nani akukague?

Dukani tulichukua karatasi ya namba tukasubiri. Mwaka uliotangulia, duka jingine lilikataa kunitengenezea simu yangu kwa sababu ya mkwaruzo ambao hata kuuona ulihitaji kuinamia. Kwa hiyo nilipomwona kijana wa kaunta anaigeuza simu ya Shangazi kwenye mwanga, nikajisemea: haya, wameanza.

Akasema, "Kioo kilichopasuka hakimo kwenye waranti. Huo ni uharibifu wa mteja."

Nikamgeukia Shangazi. "Nilikwambia! Kioo kimepasuka, hawataki."

Kijana alikuwa hajamaliza. Akaendelea kwamba kioo tunaweza kukiacha kama kilivyo, hakizuii kitu. Tatizo la kuchaji ni jambo jingine, linaonekana ni la kiwandani, hilo watalitengeneza gratis, yaani bure. Ila fundi anaweza kulazimika kufuta vilivyomo. Ndipo akaigeuza simu na kutuonyesha vijipande vya shaba mgongoni. Akasema wana kitako cha kuichajia kwa huko nyuma, tumwachie kwa saa moja ipate chaji, turudi tutoe nakala ya vitu vyetu mbele yake, ndipo waipeleke kwa fundi. Na akatuasa: msiifungue wenyewe. Ikifunguliwa waranti imekwisha, na maji yataingia.

Nilimsikia vizuri. Kila neno! Sitajificha nyuma ya lugha.

"Amesema nini?" Shangazi akauliza. "Mbona maneno mengi hivyo?"

Nami nikasema, "Anasema wakiichukua watafuta kila kitu."

Basi. Nilitoa nusu niliyokuwa nikiitegemea, ile nyingine nikaimeza. Kwa nini? Kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshakimbia mbele. Saa moja waifanye nini simu ya mtu? Nani ataangalia picha zake? Halafu tukirudi watasema wameona maji ndani, walipishe. Niliona mtego mzima, na sijui hata niliuona wapi.

Shangazi aliikwapua simu kaunta kama mtu anayemtoa mtoto barabarani. "Wafute? Wamfute mama yangu?" Kisha akaniangalia kidogo, kama mwenye swali. Hakuliuliza. Akanishika mkono tukatoka.

"Nitaitengeneza mwenyewe," nikamwambia kwenye treni. "Hawa wanatufungia vitu vyetu wenyewe tusivijue ndani."

"Unaweza?"

"Shangazi! Mimi?"

Niliagiza mtandaoni kidude kipya cha ndani, pale panapochomekwa waya wa chaji, kwa muuzaji asiyejulikana hata nchi yake. Ona ajabu! Mimi nisiyemwamini mtu mwenye duka na sura, nikamwamini asiye na sura. Nikatazama video ya fundi anayeonyesha vidole tu. Jumamosi mchana, Shangazi akiwa kwenye chumba cha kufulia, nikaipasha simu kwa mashine ya kukaushia nywele, nikafungua skrubu, nikaubandua mgongo.

Ndani kuna mpira mweusi, mwembamba kama uzi wa kusukia, unaozunguka kingo zote. Huo ndio unaozuia maji. Simu yote ile nene, ushujaa wake umo kwenye uzi ule. Ukakatika mikononi mwangu. Tena sehemu nyingine ukatoka vipande vipande.

Nilijua maana yake. Ninyi msiseme maskini hakujua. Nilijua!

Nikaweka kidude kipya. Palipokuwa na mpira nikapaka gundi ya kucha, nikakaza skrubu, nikafuta alama za vidole. Nikachomeka waya. Ikachaji.

Nilipiga kelele mpaka Mama Chantal akaja kugonga. Shangazi alipanda na kapu la nguo, akalibwaga mlangoni, akanikumbatia akanizungusha jikoni.

"Wakili amekuwa fundi!"

"Eh, weye mtoto una akili ya shetani," akasema Mama Chantal.

Shangazi akafungua rekodi moja hapohapo, akaweka simu mezani. Bibi akaanza kusema. Ilikuwa ile ya mchumba wa kwanza, fundi cherehani, mwenye mashine yake mwenyewe na meno yote. Alikuja kula kwao, Bibi akampikia samaki wa migebuka kwa mawese. "Akala kimya," Bibi anasimulia. "Akala mpaka sahani ikang'aa, akanawa, akashukuru kwa kichwa. Nikamwambia mama, huyu simtaki. Chakula hakisemeshi, mke atamsemesha?" Na kicheko kile.

Tulicheka sote watatu. Nilikuwa na kompyuta chumbani. Nilikuwa na waya. Ilitosha kunyanyuka tu! Nikasema kesho, kwa sababu nilikuwa nasifiwa na nilitaka kuendelea kusifiwa.

Mama Chantal alipoondoka, Shangazi aliigeuza simu mkononi. "Na maji je? Bado inavumilia?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Alinipa nafasi iliyo wazi kabisa. Ningesema: Shangazi, usiioshe tena, mpira umekatika. Lakini ningesema hivyo angeuliza umekatikaje, na kazi yangu ingeonekana mbovu, na kijana wa dukani angekuwa amesema kweli.

"Maji gani tena?" nikamjibu. "Si simu ya askari hii? Haiingii maji."

Jumapili ikapita sijatoa nakala. Jumatatu alirudi kutoka kazini na vumbi la kokoto mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Nilisikia mabuti, nikasikia bomba. Nilisikia sifongo! Nilishika kisu nikasimama. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikajiambia labda gundi itashika.

Aliipanga kwenye kichanja. Baadaye akaiwasha. Kioo kikaonyesha mistari ya kijani, kikatetemeka, kikazimika. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaipuliza, akaifuta kwa kanga, akaizika ndani ya mchele kama alivyoambiwa na mtu.

"Imekuwaje?" akauliza. "Mbona siku zote naiosha?"

Hapa ndipo penye dhambi yenyewe. Mpira ni bahati mbaya. Kaunta ni kiburi. Hapa ni ubaya. Nilimtazama machoni nikasema, "Umeizidishia maji, Shangazi. Hata hizi zina mwisho wake."

Akaamini! Kwa nini asiamini? Mimi ndiye niliyesoma.

Jumapili, kwenye simu yangu, alimpigia Bibi kwa video, na binamu yangu aliyeko kule akaishika mbele ya kitanda. Shangazi alipiga magoti sebuleni. Alipiga magoti mbele ya kioo, mtu mzima yule. "Mama, nisamehe. Nimeizamisha sauti yako kwa mikono yangu. Nilikuwa naosha tu." Bibi alikuwa akimtazama, jicho moja likimwagika machozi, mkono wa kulia ukipapasa blanketi kama anayetafuta kitu cha kumfutia.

Mimi nilikuwa pembeni, nimeishikilia simu isitetemeke. 

Tangu hapo akawa anaosha vyombo kimya. Vikombe alivishika kwa uangalifu, kama vinaweza kufa.

Sikujua kwamba angerudi dukani bila mimi. Aliniomba twende, nikasema nina usaili wa kazi. Akaenda mwenyewe, na Kiswidi chake cha majembe na ndoo. Aliporudi hakuvua mabuti. Aliketi kwenye kiti cha jikoni na maji ya viatu yakatambaa sakafuni.

"Yule kijana alikuwepo," akasema. "Amenikumbuka."

Nikaketi mkabala naye.

"Ameifungua. Akaniuliza, mama, nani aliingia humu? Nikamwambia ni mwanangu, aliitengeneza vizuri, si mtu wa kuharibu. Nimekutetea kabla sijajua ninamtetea nani. Basi akanionyesha. Gundi. Gundi ya kucha, ina mng'aro! Akaniambia mpira haupo. Akasema kidude ulichokiweka kimeungua na kimeunguza mpaka kule vitu vinakokaa. Wamejaribu. Hakuna."

"Shangazi..."

"Ngoja. Halafu akaniuliza kwa nini siku ile hatukumwachia ile saa moja. Nikamwuliza saa moja ipi?"

 Kichanja cha vyombo kilikuwa mbele yangu, na nafasi tupu katikati ya vikombe.

"Gratis nililisikia," akasema taratibu. "Siku ile ile. Nani huku asiyelijua neno hilo? Nikalisikia, nikakuangalia, wewe ukasema watafuta. Nikajisemea, huyu amesoma, labda ameona kitu ambacho mimi sikioni. Nikaacha masikio yangu nikafuata yako."

Nilianza kueleza. Unadhani nilieleza nini? Kampuni. Wanavyotunyima haki ya kufungua vitu vyetu. Na mengine ni kweli, bado nayaamini! Bado naona si haki mtu auziwe kitu na akatazwe kujua ndani kuna nini. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wao hukuwaamini, sawa," akasema. "Hilo sikulaumu. Mimi je? Mimi pia hukuniamini? Ungeniambia yote, na shaka yako ukaniambia, nami nikachagua. Mama ni wangu."

Akanyanyuka, akavua mabuti, akapiga deki.

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Chakula ananiachia, salamu ananipa. Lakini barua zikija anakwenda nazo kwa Mama Chantal, na wanazisoma wawili polepole, kidole juu ya neno. Wakili haniiti tena. Ananiita kwa jina langu.

Siku hizi Jumapili amebuni jambo. Anampigia Bibi na kumsimulia hadithi zake mwenyewe, jinsi anavyozikumbuka. Akikosea, Bibi anapiga blanketi kwa kiganja. Akipatia, Bibi anafungua kiganja. Lakini akikosea, Bibi hawezi kumwambia iliyo sahihi. Wanabahatisha hapo, mmoja anapiga, mwingine anatafuta.

Juzi walifika kwa fundi cherehani. Tangu rekodi zipotee, hadithi zilishaanza kumchanganyikia Shangazi.

"Ukamkataa kwa sababu alikuwa anakula kwa kelele," Shangazi akasema. Bibi akapiga blanketi. "Alikula sana?" Akapiga. "Alikosoa migebuka?" Akapiga tena, kwa hasira, mpaka binamu akacheka.

Nikasema kutoka mlangoni, "Alikula kimya, Shangazi. Hakusema neno. Tulisikiliza jikoni, siku ile."

Shangazi hakugeuka. Alisogea karibu na kioo.

"Mama, ni kweli anachosema huyu?"

Tulisubiri. Mkono wa Bibi ulikaa juu ya blanketi muda mrefu. Kisha ukafunguka.

"Haya," Shangazi akasema, akaendelea na hadithi. Kwangu hakutazama. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu imelazimika kupigiwa simu Kigoma ithibitishwe.

Basi wewe unayesoma, na hasa wewe unayewasemea wazee kaunta. Simu ikishafunguliwa inaogopa maji, hata ikionekana mpya. Ukiifungua, sema umeifungua. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: ukisimama katikati, toa kwanza yote uliyoambiwa, hata usiyoyaamini. Ukimaliza, sema sasa inayofuata ni shaka yangu. Shuku utakavyo! Ila usimlishe mtu shaka yako ukimwambia ni maneno ya mwingine.

Mimi sikufanya hivyo. Sasa nikimwambia Shangazi maji ya bomba ni ya moto, anatia kidole kwanza.